Maji ya Udhu na Maji ya Samaki

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa maji matamu na maji ya chumvi, na wa kila kiumbe kiishicho ndani yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. 

Juma hili nimekuja mbele yenu kurudi katika kauli yangu. Kauli yenyewe sikuitoa katika safu hii. Niliitoa kwa simu, baina ya Alasiri na Magharibi, kwa haraka, na kwa mtu mmoja tu. Lakini aliyekosea katika kujibu hana budi kurekebisha, na kwa kuwa swali lile laweza kuulizwa katika nyumba nyingine, nimeona afadhali jawabu jipya liwafikie wengi.

Yuko binti mmoja niliyemsomesha madrasa Mji wa Kale, Mombasa, zaidi ya miaka 20 iliyopita. Aliolewa na kijana wa Kimarama, Mwislamu mwema, na leo makao yao ni Butere, katika kaunti ya Kakamega. Kwa wasiopajua Butere, ni mji mdogo wa bara, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, nchi ya mvua, miwa na mahindi, ambako watu huamkiana kwa "mulembe", na ambako tawi la reli ya zamani litokalo Kisumu hukomea. Jirani yake ni Mumias, ambako dini yetu ilifika katika karne ya 19 pamoja na misafara ya Waswahili. Kwa hiyo adhana si ngeni huko. Kigeni ni bahari, kwani kutoka Butere hadi Mombasa ni safari ya zaidi ya kilomita 800.

Binti huyu ana mwana wa miaka 13. Babu yake, mzaa mama, alikuwa mvuvi, na kila likizo kijana alishuka pwani akafuatana naye mwambani maji yanapokupwa. Huko alijifunza kutazama bila kugusa, kwa maana babu alikuwa mkali juu ya matumbawe. Mwaka uliopita babu alifariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kijana akanyamaza kwa muda mrefu. Mjomba wake, ambaye kazi yake ni kupiga mbizi na kukamata samaki wa mapambo kwa ajili ya wafanyabiashara wenye leseni, akamwonea huruma. Akampelekea Butere tangi la kioo la lita 120, samaki wawili wadogo wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, kamba mmoja mwekundu, madumu ya maji ya bahari, na mfuko wa chumvi maalumu ya kutengenezea maji ya bahari.

Siku ya kumi na mbili maji yakaanza kufanya ukungu. Mama yake akanipigia simu. Alisema, "Maalim, maji ya bahari yamechafuka, na mengine hatuna. Mjomba wake yuko baharini, simu yake haipatikani. Chumvi tunayo. Je, maji ya mfereji yafaa kuchanganyia? Hayatawadhuru samaki?"

Nami nikamjibu, "Binti yangu, maji hayo si ndiyo mnayotawadhia? Si ndiyo mnayokunywa? Ni tahiri na yatahirisha. Hakuna neno, tieni."

Wakamwaga zaidi ya nusu ya maji ya zamani, wakatia ya mfereji yaliyochanganywa na chumvi. Kabla ya Isha samaki walikuwa juu kabisa ya maji, wakitweta, matamvua yao yakifunguka na kufungika upesi upesi. Ilipofika Alfajiri wote wawili walikuwa wamekufa, na kamba pia. Kijana akawazika chini ya mpera nyuma ya nyumba.

Baada ya siku tatu alimwomba mama yake aniulize jambo. Darasani alikuwa amesoma hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia ndani, hakumlisha wala hakumwachilia akajitafutia. Swali lake lilikuwa fupi: "Je, nami ni kama mwanamke yule?"

Wasomaji wangu, swali hilo lilininyima usingizi. Mtoto alikuwa akijihukumu kwa kosa ambalo chanzo chake ni mimi.

Nilifanya baada ya msiba kile ambacho ilinipasa kufanya kabla yake: nilikwenda kuwauliza wenye ujuzi. Nilikaa na bwana mmoja wa Mombasa ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitunza matangi ya kioo ya samaki wa baharini. Kisha nikapanda basi kwenda Butere, na huko nikazungumza na mtu anayefuga ngege na kambare katika mabwawa. Ufugaji huo si mgeni katika nchi ile. Tangu mwaka 2009, serikali ilipoanza kuchimbisha mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo-bunge 140 ya Kenya, watu wengi wa magharibi wamejifunza tabia za maji kwa kupata na kwa kukosa. Hayo niliyoyasikia kwao ndiyo nitakayowaeleza.

Kwanza ni klorini. Maji ya mfereji hutiwa klorini ili kuua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba maji yanapomfikia mtumiaji yawe bado na angalau miligramu 0.2 za klorini katika kila lita, ili yasichafuke tena njiani. Kwa tumbo la mwanadamu kiasi hicho si kitu. Samaki hali yake ni nyingine. Yeye hayanywi maji tu, anayapumua. Maji hupita juu ya matamvua yake, ambayo ni ngozi laini mno iliyojaa damu, na klorini huiunguza ngozi hiyo. Hata sehemu ya kumi ya miligramu katika lita yaweza kumdhuru. Ndiyo sababu samaki wale walitweta: walikuwa ndani ya maji na hawakuweza kuvuta pumzi.

Pili ni bakteria wema. Samaki akila hutoa uchafu, na uchafu huo huzaa amonia, ambayo ni sumu. Katika mwamba wa bahari na katika tangi lililokomaa wako bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni machache zaidi. Bakteria hao huchukua takriban wiki nne hadi sita kuenea katika tangi jipya. Tangi la kijana lilikuwa na siku kumi na mbili tu. Ule ukungu ulikuwa dalili ya uchanga wake. Klorini ilipoingia, hata wale bakteria wachache waliokwisha kuota walipigwa. Kwa hiyo samaki walipatwa na mabaya mawili kwa pamoja.

Tatu ni vitu ambavyo jicho halivioni na ulimi hauvitambui. Mfano wake ni shaba, ambayo maji huweza kuichukua katika mabomba na viungo vyake. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni hadi miligramu 2 za shaba katika lita. Wafugaji huwatibu samaki wagonjwa kwa shaba, na dozi yake ni kama miligramu 0.2, yaani sehemu ya kumi ya kipimo hicho. Na dozi hiyo hiyo yatosha kuwaua kamba, konokono na matumbawe. Tazameni basi: maji yaweza kutimiza kipimo cha afya ya mtoto wako, naye akayanywa akanenepa, na maji hayo hayo yakaangamiza mwamba mzima ndani ya kioo. Nitrati ni vivyo hivyo. Kipimo cha kunywa ni miligramu 50 katika lita, ilhali wafugaji wa matumbawe hujitahidi isipite hata 10. Fosfati nayo haimdhuru mnywaji, lakini ndani ya tangi huotesha mwani unaofunika kila kitu.

Nne, uchafu huo huzidi kila siku. Maji ya tangi hupungua kwa kuvukizwa na joto na taa. Kinachopaa ni maji matupu. Chumvi, shaba na nitrati hubaki. Ukijaza pengo kwa maji ya mfereji unaongeza tena sehemu nyingine ya uchafu, na kesho nyingine, mpaka tangi linakuwa kama sufuria lililochemka siku nyingi bila kuoshwa. Hii ndiyo sababu mtu aweza kutumia maji ya mfereji miezi miwili akaona salama, kisha mwezi wa tatu viumbe vikaanza kufa kimoja kimoja, asijue kwa nini.

Kwa hiyo jawabu ni hili: maji ya mfereji, kama yalivyo, hayafai kwa tangi la bahari, na zaidi hayafai kwa tangi lenye matumbawe.

Sasa naomba niseme juu ya kosa langu, kwa kuwa ndani yake mna mafunzo kwetu wanafunzi wa dini.

Mimi niliulizwa juu ya madhara, nikajibu juu ya tohara. Hayo ni mambo mawili. Maji ya mfereji ni tahiri na yatahirisha, na harufu ndogo ya klorini haiyatoi katika jina la maji. Kauli hiyo siiondoi, nanyi tawadhani bila wasiwasi. Lakini hukumu ya udhu haiwezi kutueleza hali ya matamvua ya samaki. Linaloniumiza ni kwamba tofauti hiyo imo katika vitabu vyenyewe nilivyosomeshwa nikiwa mdogo. Katika fiqhi ya Imam Shafii tunafundishwa maji yaliyopashwa moto na jua ndani ya chombo cha madini, katika nchi za joto. Maji hayo ni tahiri na yatahirisha, lakini ni makuruhu kuyatumia mwilini, kwa kuchelea madhara. Wanazuoni wetu, Mwenyezi Mungu awarehemu, walijua kwamba maji yaweza kuwa safi kwa sharia na bado yakachelewa kwa afya, na walielekeza macho yao kwenye madini ya chombo. Mimi nimelisomesha somo hilo kwa miaka mingi, na siku nilipolihitaji sikulikumbuka.

Tena liko tukio zito zaidi, lililopokewa na Abu Dawud. Katika safari moja, mtu alijeruhiwa kichwani kwa jiwe, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia kwamba hawaioni ruhusa hiyo maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwalaumu kwa ukali kwamba wao ndio waliomuua, na akabainisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Maji yale yalikuwa tahiri bila shaka yoyote. Kilichomuua mtu yule ni jawabu lililotolewa na watu wasiojua hali ya jeraha. Samaki wawili na kamba hawalingani na roho ya sahaba, lakini mlango nilioupitia ni ule ule.

Kwa hiyo mama zangu, mnapomuuliza sheikh jambo la maji ya samaki, la dawa ya mtoto au la chakula cha mgonjwa, naye akawaambia, "Mwulize daktari, au fundi, au mfugaji," msimdharau. Huyo amewajibu kwa elimu. Na anayejibu kila kitu papo hapo, kama nilivyofanya mimi, muwe na hadhari naye.

Nilipofika Butere kijana alinipokea mkoba, akanishika mkono akaubusu. Tukaketi karibu na lile tangi, limekauka na mchanga umo ndani. Nikamwambia, "Mwanangu, mwanamke yule alijua kwamba paka ana njaa, akamwacha. Wewe uliona maji yamechafuka, ukahangaika, ukamwambia mama yako, naye akamwuliza mtu aliyemdhania kuwa anajua. Anayehangaika si sawa na anayepuuza. Kosa lilikuwa langu, na nimekuja kukuomba radhi."

Kisha nikamkumbusha habari ya Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik. Mtoto huyo alikuwa na kindege akichezea, na kindege kikafa. Mtume (s.a.w.), pamoja na mizigo yote ya umma, alipomwona ana huzuni alimwuliza habari za kindege chake kwa upole na kwa utani wa kumliwaza. Katika habari hiyo wanazuoni walichukua dalili kwamba yafaa mtoto kufuga kiumbe kidogo, maadamu anakitunza. Nami niliona humo jambo jingine: huzuni ya mtoto kwa kiumbe chake si upuuzi wa kuchekwa na wakubwa.

Kijana akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Maalim, sasa maji yake ni yapi?"

Alhamdulillah, swali hilo safari hii lilinikuta na la kusema. Nayaeleza hapa kwa utaratibu, kwa nyumba yoyote inayofuga au inayotaka kufuga.

Maji bora ya kuchanganyia chumvi ni yale yaliyopitishwa katika mtambo wa kuchuja kwa utando, ambao husukuma maji katika matundu madogo mno hata chumvi na madini hubaki nyuma, kisha yakapitishwa katika dawa ya kunasa mabaki. Hakikisha kwa kipimo kidogo cha mkono kinachoonyesha jumla ya vitu vilivyoyeyuka. Kisome sifuri au karibu yake. Katika miji yetu, na hata miji midogo ya bara, yako maduka yanayouza maji yaliyochujwa kwa mitambo ya namna hiyo, mtu hupeleka dumu lake la lita 20 likajazwa. Lakini baadhi ya maduka hurudisha madini kidogo ili maji yawe na ladha. Kwa hiyo usiamini jina la duka; amini kipimo.

Kuchemsha hakutoshi. Moto huondoa klorini na huua vijidudu, lakini shaba na nitrati hubaki, tena huwa nzito zaidi kwa kuwa maji yamepungua. Kuacha maji wazi usiku kucha huondoa klorini ya kawaida, hasa yakivurugwa na pampu ya hewa. Lakini pakitumika kloramini, ambayo hukaa majini muda mrefu zaidi, usiku mmoja hautoshi. Yako matone ya kuondoa klorini yanayouzwa kwa wafugaji, nayo yawatosha wengi wanaofuga samaki wa maji matamu, lakini hayaondoi shaba wala nitrati.

Maji ya mvua, ambayo Butere wameruzukiwa kwa wingi, huanguka yakiwa safi, kisha hupita juu ya mabati yenye zinki, vumbi na kinyesi cha ndege. Kwa mahindi na kwa kufulia ni neema kubwa. Kwa matumbawe ni hatari. Kuhusu yale yaitwayo maji ya betri, msiyajaribu kabisa: jina hilo watu hulitumia kwa maji yaliyotoneshwa na pia kwa asidi, na mwenye kukosea baina ya hayo mawili ataungua yeye kabla ya samaki wake.

Chumvi ya jikoni haiwi bahari. Sodiamu na kloridi ni kama asilimia 85 ya chumvi ya bahari, na sehemu iliyobaki ina magnesi, kalisi, potasiamu na vinginevyo, navyo ndivyo matumbawe hujengea mifupa yake. Chumvi maalumu ya matangi ina vyote hivyo. Kiasi chake ni karibu gramu 35 kwa lita, yaani kilo tatu na nusu kwa lita 100. Ichanganye katika ndoo safi ambayo haijawahi kutiwa sabuni, uiache na pampu ikizunguka siku nzima, uifikishe kwenye joto la nyuzi 25 hivi ndipo uitie. Usiku wa Butere ni wa baridi kuliko wetu. Bila kipasha joto, samaki wa Mombasa hawaoni usingizi. Na maji yakipungua kwa kuvukizwa, ongeza maji matupu yaliyochujwa bila chumvi, kwa sababu chumvi haikupaa.

Usibadilishe zaidi ya nusu ya maji kwa mara moja kama walivyofanya kwa idhini yangu. Sehemu ya kumi kwa juma yatosha katika tangi lenye afya. Na mfikirie stima: inapopotea usiku, pampu husimama na hewa hupungua, basi awe na pampu ndogo ya betri karibu.

Liko pia suala la israfu. Mitambo mingi midogo ya utando humwaga lita tatu au nne ili kupata lita moja. Sisi tumekatazwa kufanya ubadhirifu wa maji hata katika udhu. Maji hayo yanayomwagwa si machafu. Yana madini mengi tu. Yakingwe, yafulie, yaoshee ua, yamwagilie mboga. Asiyeweza kufanya hivyo, na jirani yake anabeba dumu kichwani kutoka mtoni, ajiulize kama wakati wake wa kuwa na tangi umefika.

Nakuja kwenye matumbawe, kwa kuwa kijana alitamani sana awe nayo. Tumbawe si jiwe. Ni kundi la wanyama wadogo walioshikamana. Yamo katika hifadhi ya sheria na ya mikataba ya mataifa: matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, na ndani yake hairuhusiwi kuokota hata kigae. Walioishi pwani mwaka 1998 wanakumbuka maji yalivyopata joto kupita kiasi, na sehemu kubwa ya matumbawe ya Afrika Mashariki ikawa nyeupe na kufa. Mwamba umeshapata jeraha la kutosha. Kuvunja kipande na kukipeleka kikafie Butere kwa sababu ya maji mabaya ni kuongeza jeraha. Nilimweleza kijana hivyo, naye akasema, "Babu angekataa." Tukalimaliza hapo.

Na jambo moja ambalo sitaki lisahaulike. Msije mkatoka katika makala haya mkiichukia klorini. Klorini ile ile iliyowaua samaki inawalinda watoto wenu. Waliotia dawa maji yale walifanya kazi yao sawasawa, na hawakuwa na habari za tangi la mtu. Ndoo ya maji ya kunywa na iendelee kutiwa dawa kama mlivyofundishwa na wahudumu wa afya, hasa wakati wa mvua kubwa. Kila kiumbe Mwenyezi Mungu amekiwekea maji yake, na anayekitoa kiumbe katika maji yake na kukiweka mkononi mwake amechukua amana. Amana hiyo haitimizwi kwa kukipa kile ambacho ni kizuri kwetu. Hutimizwa kwa kuuliza ni kipi kizuri kwake.

Leo tangi la Butere lina maji tena. Nilimnunulia kijana kile kipimo cha mkono pamoja na dawa za kupimia amonia na nitriti, nikaona ni fidia ndogo. Baba yake humletea madumu mawili ya maji yaliyochujwa kila mwisho wa juma. Samaki hamna, wala kamba; mna mchanga, pampu na maji ya chumvi yanayozunguka, na bakteria wema wanaongojewa. Mjomba amemwambia asilete kiumbe mpaka amonia na nitriti zisome sifuri juma zima. Kila jioni baada ya Magharibi kijana hupima, na huandika nambari nyuma ya daftari lake la madrasa. Juzi mama yake alinitumia picha ya ukurasa huo. Amonia ilikuwa imeanza kushuka, nitriti bado iko juu. Chini yake kijana ameandika kwa herufi ndogo: "Bado."

Mwenyezi Mungu atupe subira ya kungoja maji yawe tayari, na ujasiri wa kusema "sijui" tunapoulizwa tusichokijua. Amrehemu mvuvi yule, na wazee wetu wote waliotufundisha kutazama bila kuvunja. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.